Ndevu, Kiwembe na Mkorogo: Uchambuzi wa Kisa cha Mwanamke wa Miaka 27

Mgonjwa anayezungumziwa hapa alihudumiwa katika kliniki ya wagonjwa wa nje kwenye mji mmoja wa pwani ya Tanzania. Jina lake, mtaa, kazi na tarehe zote zimeondolewa au kubadilishwa, na mwenyewe ameridhia kisa chake kiandikwe. Nimekiandika kwa ajili ya matabibu, wauguzi na wauzaji wa maduka ya dawa, lakini nitafurahi zaidi kikisomwa na mwanamke anayenyoa kidevu kwa siri huku akidhani yuko peke yake. Nywele zilizoonekana kuwa tatizo moja zilikuwa matatizo mawili, na la pili lilizaliwa na jitihada za kulificha la kwanza.

Alivyofika

Alikuwa na miaka 27, ndani ya ndoa kwa miaka miwili, hajapata mtoto. Mapokezi waliandika "hedhi haieleweki", na hilo ndilo alilokuja nalo. Ndevu hakuzitaja. Ushungi aliuvuta hadi mdomoni, na kila alipojibu swali alishika ncha yake kwa vidole.

Nesi wetu mkubwa, mama wa makamo ambaye kila msichana kwake ni "mwanangu", ndiye aliyeliona. Alipokuwa akimpima joto ushungi ulishuka kidogo, akaona vipele vyenye usaha vimejaa kidevuni. Akamuuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, hicho kidevu hakikuumi?" Mgonjwa akakaa kimya, halafu akasema, "Nanyoa, mama. Kila siku."

Baada ya hapo maelezo yalitoka yenyewe. Hedhi alianza akiwa na miaka 13, na tangu hapo haijawahi kufuata mwezi: anaipata mara nne au tano kwa mwaka, na safari hii ilikuwa imepita miezi mitano. Nywele zilianza akiwa na miaka 17, chini ya kitovu, kisha kidevuni, zikaongezeka polepole mwaka hadi mwaka. Shuleni walimwita jike dume. Shangazi yake alimwambia ndevu za mwanamke ni bahati ya pesa, asiziguse. Alizing'oa kwa kibano mpaka zikawa nyingi mno, akahamia kwenye kiwembe. Alipoolewa akawa anaamka kabla ya adhana ya alfajiri, anajifungia chooni na kioo cha mfukoni na tochi ya simu, ananyoa, anapaka krimu, anarudi kulala. Mumewe hakuwahi kuuona uso wake kabla haujanyolewa.

Msaada alikuwa ameutafuta. Kwenye zahanati moja aliambiwa ni homoni, zitajirekebisha akizaa. Duka la dawa lilimuuzia vidonge vya kuleta hedhi, ikaja, ikapotea tena. Akanywa pia dawa ya miti shamba ya "kusafisha kizazi". Katika sehemu zote hizo hakuna aliyemwomba afunue uso.

Tulichokiona

Uzito ulikuwa kilo 82 kwa urefu wa sentimita 162. Shinikizo la damu 144/92, na tulipolirudia baada ya kumpumzisha lilikuwa karibu vilevile, kiwango kisicho cha kawaida kwa umri huo. Nyuma ya shingo na kwapani ngozi ilikuwa nyeusi, nene, laini kama mahameli. Alituomba radhi kwa "uchafu" huo, akasema huusugua kwa dodoki na ndimu lakini hautoki. Haukuwa uchafu. Ngozi ya namna hiyo ni alama kwamba mwili haukisikii vizuri kichocheo cha insulini na kongosho linalazimika kukimwaga kwa wingi. Mama yake mzazi ana kisukari. Wanawake wengi wamechubua shingo zao kwa kusugua alama hii, na ni jambo la kusikitisha kwamba mara nyingi wanaowaambia wajisafishe vizuri ni ndugu zao wenyewe.

Nywele tulizihesabu kwa kipimo cha Ferriman na Gallwey, kilichotoka mwaka 1961 na kuboreshwa baadaye. Unaangalia sehemu tisa: juu ya mdomo, kidevu, kifua, tumbo la juu, tumbo la chini, mikono ya juu, mapaja, mgongo wa juu na mgongo wa chini. Kila sehemu inapewa 0 hadi 4. Kwa wanawake weusi, jumla ya 8 au zaidi kwa kawaida huhesabiwa kuwa nywele zimezidi. Yeye alipata 14, kidevu na tumbo la chini vikiongoza kwa 3 kila kimoja. Kwa kuwa ananyoa kila siku, tulisoma visiki vya nywele na kumuuliza zikiachwa zinafika wapi. Kumwomba aache kunyoa kwa wiki nzima ili tuhesabu vizuri hakukuwezekana, na sikuona haki ya kulisisitiza.

Mashavuni kulikuwa na kitu kingine. Kutoka kwenye masikio hadi karibu na pua kulikuwa na malaika, yaani vinyweleo, wengi, laini, wembamba, wanaong'aa ukiwatazama kwa pembeni dirishani. Hizo si ndevu. Ndevu za kidevuni zilikuwa nene, nyeusi, zimejikunja. Kipimo cha sehemu tisa hakihesabu mashavu kabisa, kwa hiyo anayejaza namba bila kutazama uso angewapita. Mgonjwa alisema malaika hao walianza kama mwaka mmoja na nusu uliopita, wakati za kidevuni zina karibu miaka 10.

Nesi ndiye aliyeunganisha mambo. Alimshika mkono, akautazama, akaniita. Uso ulikuwa mweupe wa kupauka, wenye vijimishipa vyekundu vinavyoonekana mashavuni, lakini vifundo vya vidole vilikuwa vyeusi, na masikio vilevile. Ndani ya mapaja kulikuwa na michirizi mipana. Huo ni mkono wa mtu anayetumia mkorogo.

Sauti ilikuwa ya kawaida, misuli haikuzidi, nywele za utosini hazikupungua, na kinembe, tulichokikagua nesi akiwepo na kwa ridhaa yake, kilikuwa cha ukubwa wa kawaida. Hayo yana uzito mkubwa. Nywele zinazolipuka ndani ya miezi michache, sauti ikawa nzito, kipara kikaanza au kinembe kikakua, ni ishara za uvimbe unaotoa homoni za kiume kwenye ovari au kwenye tezi za adrenali zilizo juu ya figo, na mgonjwa huyo hapaswi kusubiri. Uvimbe wa aina hiyo ni nadra, chini ya mgonjwa 1 kati ya 100 wenye nywele zilizozidi, ila ndio unaoua.

Mfuko wa plastiki

Tulipomuuliza anapaka nini usoni alijibu kama wanavyojibu wengi: "Losheni ya kawaida tu, dokta." Hatukubishana. Tulimwomba siku ya kuja kuchukua majibu abebe kila kitu anachopaka, chenye jina na kisicho na jina, na tukamhakikishia hakuna atakayemgombeza.

Alileta mfuko wenye kopo jeupe lisilo na lebo, lililokorogwa saluni, na tyubu sita ndogo za krimu yenye klobetasoli asilimia 0.05. Saluni walimwelekeza achanganye tyubu na kilichomo koponi, apake mwili mzima asubuhi na usiku. Alimaliza tyubu mbili kwa wiki, na alizinunua duka la dawa bila karatasi ya daktari.

Klobetasoli ni miongoni mwa steroidi (dawa zinazoiga kotisoli, homoni ya tezi za adrenali) kali kuliko zote za kupaka. Maelekezo yake ni wiki mbili mfululizo, isizidi gramu 50 kwa wiki, na hata gramu 2 kwa siku zimeonekana kuzilaza tezi za adrenali. Yeye alikuwa ametumia kwa karibu miaka miwili.

Ukimuuliza kwa nini alianza, utauona mnyororo mzima. Nywele zetu zilizojikunja, zikinyolewa karibu sana na ngozi, ncha yake kali hurudi ndani ya ngozi ikikua. Mwili unaipiga vita kama mwiba. Panakuwa na kipele, halafu usaha, halafu doa jeusi. Kidevu chake kilikuwa kimejaa madoa. Alipaka mkorogo ili kufuta madoa ya kiwembe. Steroidi ikapausha ngozi na kutuliza uvimbe kwa wiki za mwanzo, akaamini amepata dawa, akaeneza mwili mzima ili rangi ilingane. Baadaye ikaota malaika mashavuni, ikaleta chunusi, ikakondesha ngozi. Akaanza kunyoa na mashavu.

Vipimo, na kwa nini mpangilio ulikuwa muhimu

Kuanzia hapa krimu iliingilia kila kipimo. Steroidi inayopita kwenye ngozi inauambia ubongo kwamba kotisoli imetosha, tezi za adrenali zinalala, na homoni nyingine zinazotoka humo zinashuka pia. Mgonjwa akiwa na hitilafu ya kurithi ya tezi hizo, ile inayopimwa kwa homoni ya 17-haidroksi-projesteroni, kipimo kinaweza kusoma sawa wakati si sawa. Vidonge vya uzazi wa mpango navyo, kwa sababu ya estrojeni iliyomo, hupandisha kotisoli inayosomeka kwenye damu na kushusha testosteroni, homoni ya kiume. Ukimwanzishia vidonge siku ya kwanza umeifunga milango miwili kwa mpigo.

Kwa hiyo tulipima kabla ya kumpa chochote. Kipimo cha ujauzito hakikuonyesha mimba. Testosteroni ilikuwa 2.7 nmol/L, juu kidogo ya kiwango cha mwanamke, na chini kabisa ya 5 au 7 zinazotutia shaka ya uvimbe. Prolaktini na homoni ya tezi la shingo zilikuwa sawa. Sukari kabla ya kula ilikuwa 6.4 mmol/L, haijafika kisukari lakini imeshaacha usalama. Ultrasaundi ilionyesha ovari mbili kubwa, mililita 14 na 12, zenye vifuko vidogo vingi pembeni. Figo zilikuwa nzima na mkojo haukuwa na protini. Hilo tulilipima makusudi, kwa sababu kopo lisilo na lebo linaweza kuwa na zebaki, na zebaki huharibu figo. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa vipodozi vyenye zebaki inayozidi sehemu moja katika milioni. Saluni hazijapata habari hizo zote.

Kotisoli ya saa mbili asubuhi ilikuwa 92 nmol/L. Kwa mtu mwenye afya tungetarajia zaidi ya 300. Tezi zilikuwa zimelala.

Utambuzi ukawa hivi. Ndevu, hedhi ya kurukaruka, testosteroni iliyopanda, ovari zenye vifuko na shingo nyeusi vilikuwa PCOS, hitilafu ya homoni na upevushaji wa mayai ambayo ndiyo chanzo cha visa 7 hadi 8 kati ya kila 10 vya nywele kuzidi kwa wanawake. Malaika wa mashavuni, shinikizo la damu, michirizi na kotisoli iliyozama vilitokana na mkorogo. Uzito na sukari tuliviandikia vyanzo vyote viwili, PCOS na mkorogo, kwa kuwa kila kimoja kinamsukuma mwenzake.

Maamuzi

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutomwambia aache mkorogo leo leo. Ndilo jambo ambalo kila mtu angemwambia kwa nia njema, na lingeweza kumuua. Tezi zilizolala haziamki kwa amri. Mtu akikata ghafla, kisha akapata malaria au kuhara, shinikizo la damu na sukari vinaweza kuporomoka akaanguka. Tulimwanzishia haidrokotisoni ya kumeza, inayojazia kotisoli inayokosekana, miligramu 10 asubuhi na 5 mchana, ndipo tukaondoa krimu kwa awamu ndani ya wiki nne. Tulimwandikia kadi ya kubeba pochini inayosema anatumia steroidi na kwamba akiugua dozi iongezwe. Tulimwonya pia kwamba uso utamgeuka: utawaka, utawasha, utatoa vipele kwa wiki kadhaa, na atatamani kurudi kwenye kopo.

Wa pili ulikuwa kuchelewesha vidonge vya majira. Ndiyo dawa ya kwanza kwa ndevu za PCOS kwa mwanamke asiyetafuta mimba kwa wakati huo. Estrojeni yake huongeza protini inayokamata testosteroni kwenye damu, na huzipunguzia ovari amri ya kuitengeneza. Lakini kwa shinikizo la 144/92 vidonge vyenye estrojeni havifai, na tulihitaji kuipima kotisoli tena bila kudanganywa. Kwa muda huo tulimpa medroksiprojesteroni miligramu 10 kwa siku 10 ili hedhi ishuke, kwa sababu ukuta wa mji wa mimba unaokaa miezi bila kumwagika una hatari ya kuota vibaya na baadaye saratani. Metformini aliipata kwa ajili ya sukari. Tulimweleza wazi kwamba haitatoa ndevu, kwani wapo wanaoinunua kwa tumaini hilo.

Wa tatu ulikuwa wa mgonjwa mwenyewe, na ulikuwa mgumu kuliko yote. Dawa zinazopunguza ndevu hazipatani na mimba. Vidonge vinazuia mimba, na spironolaktoni, inayozuia homoni za kiume zisishike kwenye shina la nywele, inaweza kuharibu uumbaji wa mtoto wa kiume tumboni. Alikuja akitafuta mtoto. Alisema, "Kumbe nichague, ndevu zitoke au nipate mtoto?" Tulimjibu kweli: kwa kipindi kimoja, ndiyo. Tulimweleza pia kwamba kwa shinikizo hilo, sukari hiyo na tezi zilizolala, mimba ya sasa ingekuwa ya hatari kwake na kwa mtoto, na kwamba mwaka mmoja wa kutengeneza mwili haupotezi nafasi ya kuzaa kwa mtu wa miaka 27. Alienda nyumbani kufikiri. Alirudi baada ya wiki akachagua mwaka mmoja wa matibabu kwanza.

Kiwembe hatukukipiga marufuku bila kumpa mbadala. Tulimshauri anunue mashine ndogo ya umeme ya kunyolea, inayoacha kama milimita moja ya nywele juu ya ngozi ili ncha isirudi ndani. Alainishe kwanza kwa maji ya uvuguvugu, asivute ngozi, afuate uelekeo wa nywele. Aliogopa kwamba kunyoa kunazinenepesha. Hapana. Mildred Trotter alilipima hilo mwaka 1928 na hakuona tofauti. Nywele iliyokatwa imepoteza tu ncha yake nyembamba ya asili, ndiyo maana inakwaruza.

Aliuliza kuhusu leza. Kwa ngozi nyeusi leza inayofaa ni ya Nd:YAG yenye mawimbi ya nanomita 1064, inayopita chini ya rangi ya ngozi bila kuiunguza sana. Mashine za mwanga mseto za baadhi ya saluni huunguza na kuacha madoa au makovu. Ila kwenye ngozi iliyokondeshwa na steroidi, huku homoni zikiendelea kuotesha nywele mpya, leza yoyote ilikuwa ya mapema, na bei yake ilikuwa juu ya uwezo wake. Tuliiacha.

Krimu ya eflonithini, inayopunguza kasi ya nywele za usoni, haikupatikana famasi yoyote mjini. Dawa hiyo hiyo kwa sindano imekuwa tiba ya malale ya Afrika ya Magharibi na Kati. Mtengenezaji aliiacha miaka ya 1990 kwa kuwa haikuwa na faida, krimu ya ndevu ikaidhinishwa Marekani mwaka 2000, na mwaka 2001 akakubaliana na Shirika la Afya Duniani kuitoa tena kwa wagonjwa wa malale.

Mwaka wa matibabu

Wiki sita za mwanzo zilikuwa mbaya. Uso uliwaka, ngozi ikabanduka, na mama mkwe akamuuliza mbele ya wageni kama amepaka tindikali. Alipiga simu mara mbili akitaka kurudi kwenye kopo. Nesi ndiye aliyepokea simu hizo na kumtuliza, na nina hakika bila yeye mgonjwa angetupotea hapo.

Wiki ya 12 shinikizo lilikuwa 126/80 bila dawa ya presha. Kotisoli ya asubuhi, kabla hajameza dozi, ilisoma 328. Homoni ya 17-haidroksi-projesteroni ilikuwa 2.6 nmol/L, chini ya 6 tunayoitumia kutilia shaka ile hitilafu ya kurithi, na sasa tungeweza kuiamini. Haidrokotisoni ikapunguzwa hadi ikaachwa. Vidonge vya majira vikaanza.

Mwezi wa tano hakuja kliniki. Mwezi wa sita alikuja akiwa amevunjika moyo: mama mkwe alikuta pakiti kabatini, akaiweka mezani mbele ya mwanawe na kuuliza vipi mke anayelia hana mtoto ameze vidonge vya kuzuia watoto. Mume, ambaye hakujua lolote, alikasirika. Vidonge vikatupwa. Alikuwa amekaa wiki saba bila dawa.

Tulimwomba aje na mume. Alikuja, kijana mpole, mwenye aibu kuliko mkewe. Mgonjwa alitaka tumwambie sisi, kisha akabadili mawazo, akavuta ushungi chini mwenyewe na kumweleza habari za alfajiri zote zile. Mume alisema alikuwa akisikia maji chooni na kudhani anatawadha mapema. Tulimchorea kwenye karatasi ovari, insulini na ratiba ya mwaka, na tukampa karatasi hiyo aende nayo kwa mama. Tuliongeza neno moja kwa ajili ya mama mkwe: vidonge hivi ni matibabu ya kizazi, vitaachwa tarehe fulani, na tarehe yenyewe tukaiandika.

Vidonge vilirudi. Miezi sita ya vidonge ilipotimia, ndevu zilikuwa zimepungua kidogo tu, tukaongeza spironolaktoni miligramu 50, baadaye 100 kwa siku, tukiangalia potasiamu na figo. Aliikosa kwa wiki tatu famasi ilipoishiwa.

Matokeo

Tangu siku ya kwanza hadi mwisho wa matibabu ya homoni ilipita miezi 18, si mwaka tuliouahidi. Malaika wa mashavuni walipotea ndani ya miezi saba ya kwanza bila dawa yoyote zaidi ya kuondoa steroidi. Kipimo cha nywele kilishuka kutoka 14 hadi 8. Kidevuni zimebaki, nyembamba zaidi, na ananyoa mara mbili kwa wiki badala ya kila siku. Vipele vya usaha viliisha. Madoa yamefifia, hayajafutika, na vifundo vya vidole bado vyeusi. Uzito ni kilo 76 na sukari 5.7.

Spironolaktoni iliachwa kwanza, vidonge vikafuata baadaye. Sasa yuko kwenye mzunguko wa pili wa letrozoli, miligramu 2.5 kwa siku tano, ya kupevusha yai. Mzunguko wa kwanza ulipevusha, mimba haikushika. Anajua kwamba ndevu zitaongezeka tena kwa kipindi hiki, na mashine yake ipo.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kuliko vyote ni mfuko wa plastiki. Swali la "unapaka nini" halijibiki kwa maneno, kwa sababu mgonjwa anajua tutamhukumu. Kumwomba abebe makopo kulitupa jina la dawa, kiwango, idadi ya tyubu na duka. Bila hayo tungetibu shinikizo la damu kwa dawa ya presha, tukahesabu malaika kama ndevu, na pengine tukaamini vipimo visivyoaminika. Kwa eneo letu ningependa swali hili liulizwe kabla ya kuchukua damu ya homoni kwa mwanamke yeyote mwenye nywele usoni.

Mpangilio wa hatua nao ulilipa, ingawa ulimgharimu mgonjwa miezi mitatu ya kuona hakuna kinachofanyika kuhusu ndevu zenyewe. Hapa maelezo ndiyo yaliyomshikilia. Nywele ya usoni ina msimu wake wa kukua wa miezi kadhaa, na dawa haiigusi ile iliyokwisha kuota, inaigusa inayofuata. Asiyeambiwa kwamba tofauti huonekana baada ya miezi sita ataacha mwezi wa pili, na atasema dawa haifanyi kazi.

Kilichoshindikana ni siri. Mpango mzima ulisimama juu ya mwanamke mmoja kumeza vidonge vya kuzuia mimba kwa kujificha, ndani ya nyumba inayosubiri mimba yake. Kwa jirani asiyejua, pakiti ile ina maana moja tu. Kuheshimu usiri wa mgonjwa ni wajibu, lakini ipo nafasi ya kumuuliza siku ile ile ya kwanza: nani atakikuta kidonge hiki, na utamwambia nini? Wiki saba zilipotea kwa kukosekana kwa swali hilo. Wapo wanaoona mume aitwe tangu mwanzo kwa kila mgonjwa wa aina hii. Mimi siafiki. Wapo wanawake ambao mume akijua ndoa inaisha, na uamuzi ni wao. Huyu alikuwa na mume wa kuambiwa, na ni yeye aliyemwambia.

Gharama zilibana pia. Vipimo vya homoni vilifanyika kwa mafungu matatu kwa sababu ya pesa, na tulilazimika kuchagua. Penye uwezo mdogo, na nywele zimekuja polepole tangu ujana bila dalili za sauti wala kinembe, kipimo cha ujauzito, testosteroni, sukari na shinikizo la damu vinafika mbali. Ultrasaundi, ambayo ndiyo wengi hukimbilia kwanza kwa kuwa ina picha, kwake haikubadili uamuzi wowote: hedhi na ndevu zilikwisha kusema.

Kopo lile tulilifunga na kulipeleka kwa mamlaka inayohusika pamoja na tyubu moja. Mgonjwa hakutaka kuitaja saluni, kwa sababu mwenye saluni ni wifi yake. Tulikubaliana kwamba atamleta wifi kliniki, na amemleta. Mikono yake nayo ina vifundo vyeusi, na kotisoli yake ya asubuhi tumeshaipima.